Jibu lisikae mfukoni

Jumamosi moja hapa Himbi tulikuwa watano mezani tukicheza mchezo wa kuigiza kwa maneno na dadu, wa jamii ya Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Mlima unatapika moto, mtumbwi ni mmoja, nafasi zimebaki mbili. Nani aachwe ufukweni? Tulibishana hadi sauti zikapanda, maana mtu wa Goma hahitaji kuelezwa Nyiragongo: Mei 2021 nyumba nyingi ziliamua kwa haraka nani abebwe na nini kiachwe. Kisha mwongozaji akafunua daftari lake. Jibu lilikuwa limeandikwa tangu mwanzo, na tuliokosea tukapunguziwa alama. Hamu ikaisha papo hapo.

Naona alichanganya tanzu mbili. Kitendawili kina jibu. Asiyelijua hutoa mji, na mtegaji akilibadilisha katikati amedanganya. Fumbo la mauaji mchezoni ni hivyo hivyo: muuaji ajulikane kwa mwongozaji kabla ya kikao, na dalili ziwe tatu badala ya moja, kwani wachezaji (mimi wa kwanza) hupita hata zile zilizo wazi.

Hadithi ya mtanziko ni kitu kingine. William Bascom alikusanya nyingi za Afrika katika kitabu chake cha 1975: msimulizi huishia kwenye swali, hukumu akawaachia wasikilizaji. Hapo mwongozaji ana kazi moja, kukumbuka walichoamua. Aliyeachwa ufukweni ana ndugu zake, na kikao kijacho ndugu hao watabisha hodi.