Pingu za Maisha?



Huku Singida, na kwenu Pwani vile vile, kadi ya harusi ya Muislamu huja na Bismillahi juu, na chini yake imeandikwa kwamba fulani na fulani "wanafunga pingu za maisha". Bismillahi na pingu katika karatasi moja! Pingu huvalishwa mwizi. Je, kati ya bwana harusi na bibi harusi, ni yupi aliyeiba?

Mtaniambia, "Sheikh, huo ni msemo tu." Haya, tuutazame. Kufunga si kosa. Kiswahili husema kufunga ndoa, na Qur'ani imeiita nikaha fundo, Suratul Baqara, aya ya 235 na ya 237. Lakini fundo si pingu. Fundo hufungwa kwa ridhaa, na likibana mno sheria imeweka njia ya kulifungua. Pingu ufunguo wake anao askari. Na hayo "maisha" yametoka wapi? Katika sura hiyo hiyo, aya ya 229, mume ameambiwa akae na mkewe kwa wema au amwache kwa ihsani, na aya ya 231 inamkataza kumzuia ili amdhuru. Kumfunga halimo.

Mke wa Thabit bin Qays alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema hamlaumu mumewe kwa dini wala kwa tabia, ila hawezi kukaa naye. Mtume hakumwambia, "Umekwisha fungwa." Alimwuliza kama atamrudishia mumewe bustani aliyompa. Akakubali, akaachwa.

Sasa mtazameni binti arudiye kwao uso umevimba kwa kipigo. Mama yake, yule yule aliyempigia vigelegele, humwambia, "Rudi mwanangu, pingu umezivaa mwenyewe." Na mume naye hujiona kapewa mahabusu wa kumpikia na kumfulia. (La "kupata jiko" siligusi leo, mke si mafiga.) Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 ya nchi yetu imesema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenziwe. Msemo umewashinda nguvu Qur'ani na serikali?

Sisemi talaka iwe mchezo. Wanaume waachao kwa hasira nao wana makala yao, In shaa Allah.

Wazazi, mpelekapo kadi kwa mpiga chapa, mwambieni aandike, "Nikaha itafungwa baada ya sala ya Alasiri," kisha jina la msikiti.