Paa la Duka na Haki ya Walio Chini Yake



Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali ilikipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Kuta za udongo zilibomoka, mabati yakang'olewa, na familia nyingi zikapambazukiwa bila makazi wala chakula.

Yaliyobomoka Mwakata yalikuwa hasa makazi ya watu. Hata hivyo, msiba ule watupasa kuinua macho na kuyatazama pia mapaa ya mahali ambapo wengi wetu tunatafuta riziki: maduka, masoko, mashine za kusaga na maghala ya vyama vya ushirika. Chini ya paa la ghala moja huweza kulala jasho la mwaka mzima la kijiji kizima. Paa hilo likitoboka, hasara haimfikii mtu mmoja.

Wapo wasemao kwamba mvua ya mawe ni mapenzi ya Mungu, na mwanadamu hana la kufanya. La hasha! Mawe hayo hutokea pale hewa yenye joto inapopanda kwa nguvu ndani ya wingu kubwa, ikainua matone ya maji hadi penye baridi kali, yakaganda na kukua mpaka uzito wake uyashushe. Kuna sehemu zinazojulikana kwa mvua hiyo, kama vile nyanda za juu za Kericho na Nandi nchini Kenya, ambako wakulima wa chai wameizoea tangu zamani. Wingu hatuwezi kulizuia. Lakini unene wa bati huchaguliwa na mtu, dukani, akiwa na fedha mkononi.

Hapo ndipo penye suala la haki. Mara nyingi anayechagua bati jembamba siye atakayepata hasara. Mwenye jengo huokoa fedha siku ya kujenga. Mpangaji hupoteza unga, sukari na vitambaa siku ya mvua, na kodi ya mwezi bado hudaiwa palepale. Kamati hukusanya ushuru wa soko kila asubuhi. Mama auzaye dagaa hufunika bidhaa zake kwa kanga kwa sababu paa lavuja. Je, huo si mzigo uliohamishwa kutoka bega lenye nguvu kwenda bega dhaifu?

Wala kinga yenyewe si siri ya wahandisi. Katika mabati, kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni jembamba zaidi. Papi zikikaribiana, bati halibonyei kwa urahisi. Paa lenye mwinuko wa kutosha hupunguza nguvu ya pigo na kuyateremsha mawe, wakati paa la kulala huyalimbikiza. Mabati ya plastiki ya kuingizia mwanga huchakazwa na jua, nayo ndiyo hupasuka kwanza. Yafaa yabadilishwe kabla hayajawa makavu, au yakingwe kwa wavu wa waya. Mifereji ya paa isafishwe, kwani mawe yakiiziba maji hurudi ndani. Na kwa kuwa mvua hiyo huja na upepo, kenchi zifungwe imara ukutani kwa mikanda ya chuma au waya mnene. Mapaa ya zamani ya asbesto yaliyopasuka yasivunjwe kiholela, maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Tutaambiwa kwamba bati nene ni ghali. Ni kweli. Lakini misumari, waya na usafi wa mifereji havimshindi mwenye kupokea kodi. Na penye kibanda cha maskini asiyeweza peke yake, ushuru anaoulipa ndio ungepaswa kumsaidia.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, ilimwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, asije akabeba hatia ya damu endapo mtu ataanguka. Fundisho ni wazi: mwenye paa anawajibika kwa usalama wa wengine, na anawajibika kabla ya ajali, si baada yake.

Kwa hiyo twawasihi viongozi wa walei na wa jumuiya ndogo ndogo wafanye mambo matatu kabla ya mvua za msimu ujao. Kwanza, wapangaji washauriwe kuwa na mkataba wa maandishi unaotaja nani atatengeneza paa na nani atalipa hasara. Pili, vyama vya ushirika visome upya hati zao za bima, kwani bima ya moto si lazima ifidie madhara ya mvua ya mawe. Tatu, wanachama waulize mkutanoni, kwa adabu na bila woga, ni lini paa la ghala lilikaguliwa mara ya mwisho.

Tena tuanze na nyumba yetu wenyewe. Parokia nyingi zina vyumba vya maduka vinavyopangishwa kama vitega uchumi. Kanisa linalohubiri haki huku mpangaji wake akitega ndoo chini ya paa linalovuja litasikilizwa na nani? Padre na halmashauri ya walei wapande ngazi kwanza. Wakishuka, ndipo watakapokuwa na neno la kuwaambia wengine.

Mhariri