Kuhifadhi Nishati: Amri ya Serikali na Amana ya Waumini

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, wazee wetu wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipiga marufuku magari ya binafsi kutembea siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeimaliza hazina. Amri ilikuwa nzito, lakini sababu yake ilikuwa wazi.

Shida hiyo imebadili sura tu. Petroli na dizeli hadi leo tunaziagiza kutoka nje. Upande wa umeme, Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeleta ahueni baada ya mgawo uliotutesa mwaka 2006 na tena mwaka 2023. Lakini Rufiji iko mbali na Meru. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kuwa mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa umeme mwingi hupotea njiani kabla ya kutufikia. Basi taa inayowaka bure Arusha inateketeza kitu kilichotafutwa mbali.

Nani hasa anayefuja? Mkazi wa Unga Limited au Ngaramtoni anayenunua LUKU kidogo kidogo huzima taa bila ya kuamrishwa na waziri. Ufujaji unapatikana pale ambapo anayetumia siye anayelipa: katika ofisi za umma, katika misafara ya wakubwa na, tuseme ukweli, katika misikiti yetu. Mji huu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, wala joto la pwani hatulijui. Hata hivyo tunajenga misikiti ya vioo visivyofunguka, kisha tunawasha taa wakati wa Adhuhuri na kuweka viyoyozi. Bili hulipwa kwa sadaka, nayo mara nyingi hutoka kwa yule yule anayehesabu yuniti za LUKU nyumbani kwake.

Katika Surat al-A'raf, aya ya 31, Allah amekataza israfu. Na katika Hadithi aliyoipokea Anas (R.A.), waliyoiafiki Bukhari na Muslim, tunafundishwa kuwa Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Ikiwa ibada yenyewe ina kipimo, taa ya ukumbini itakosaje kipimo?

Kwa hiyo tunasema mambo matatu. Kwanza, halmashauri zinapotoa vibali vya ujenzi zisiishie kwenye mipaka ya kiwanja. Zitazame pia madirisha, mwanga na upepo, kwani jengo likishasimama vibaya hula umeme kwa miaka hamsini. Pili, kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi kisimamiwe kweli kweli, maana kukimbiza gari na kufunga breki ghafla humaliza mafuta kama kunavyomaliza roho za watu. Tatu, anayeamrisha aanze yeye. Raia hawezi kuambiwa abane matumizi huku magari ya serikali yakinguruma yakimsubiri mkubwa aliye mkutanini.

Nasi kamati za misikiti na walimu wa madrasa tusingoje waraka. Tufungue madirisha, tuzime taa baada ya swala, na tuwasomee waumini hesabu ya bili kila mwezi. Sadaka ni amana, nasi tutaulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.