Safari ya vizazi vitatu ifuate mwendo wa nyanya

SIKU hizi si ajabu kusikia kwamba nyanya fulani wa Murang'a, Bungoma au Machakos amealikwa na wanawe walioko Marekani. Mbali na kumwona mjukuu, huambiwa kwamba atapelekwa Florida kutazama zile bustani kubwa za burudani za Orlando, kisha apande meli ya kitalii hadi visiwa vya Bahamas pamoja na ukoo mzima.

Hilo ni jambo la kushukuriwa. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto asome anastahili kula matunda ya jasho lake. Isitoshe, wajukuu wanaolelewa ng'ambo hupata nafasi adimu ya kukaa na nyanya na babu kwa siku kadhaa mfululizo.

Hata hivyo, ukisikiliza jinsi safari hizi zinavyopangwa utagundua kasoro moja. Swali la kwanza huwa ni bei ya tikiti. La pili ni tarehe ambazo wenye kazi watapata likizo. La tatu ni michezo ambayo watoto wanaitaka. Afya ya mzee hukumbukwa mwisho, aghalabu wakati masanduku tayari yamefungwa.

Kwa maoni yangu, mpango wa namna hiyo umeanzia mwisho. Safari ya vizazi vitatu haina budi kuanza kwa kumfikiria aliye dhaifu kuliko wote, awe ni mzee mwenye maradhi, mama mja mzito au mtoto mchanga. Wenye nguvu wataweza kufuata mwendo wa dhaifu, lakini dhaifu hawezi kufuata mwendo wao bila kuumia.

Hebu tuitazame safari yenyewe. Tangu Oktoba 2018 kumekuwa na ndege inayotoka Nairobi moja kwa moja hadi New York, na safari hiyo huchukua takriban saa 15. Kutoka hapo hadi Orlando ni karibu saa tatu nyingine angani, bila kuhesabu muda wa kungoja uwanjani.

Kukaa kitini zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya mguu. Donge hilo likichomoka na kufika mapafuni laweza kuua. Walio katika hatari zaidi ni wazee, waja wazito, wanene kupita kiasi na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Hao yafaa wasimame na kutembea ndegeni kila baada ya muda, wanywe maji, na wamuulize daktari mapema kama wanahitaji soksi za kubana.

Kuna pia suala la saa. Orlando iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na saa nane wakati wa baridi. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini saa moja asubuhi na saa moja jioni atafuata saa ya wapi? Swali hilo hujibiwa na daktari wake kabla ya safari, tena kwa maandishi, si na mwana anayesukuma mkokoteni wa mizigo. Dawa zenyewe zibebwe mkononi zikiwa katika vifurushi vyake vya asili. Insulini isiwekwe kwenye mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege kwani yaweza kuganda na kuharibika.

Akifika Orlando, mzee ataona kwamba mahali anapopelekwa si bustani kama Uhuru Park. Walt Disney World, iliyofunguliwa mwaka wa 1971, imeenea katika eneo la takriban kilomita 100 mraba na ina bustani nne kubwa. Katika mojawapo, EPCOT, kuzunguka ziwa pekee ni mwendo wa karibu kilomita 2. Ukijumlisha foleni na kurudi nyuma kutafuta choo, haishangazi mtu kutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku moja.

Julai na Agosti joto la huko hufikia nyuzi 33 za Selsiasi, na hewa huwa nzito kwa unyevu. Mzee aliyezoea baridi ya Limuru au Kericho hukauka maji mwilini upesi, tena bila kuhisi kiu sana, kwani hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga. Kuanzia Juni hadi Novemba pia ni msimu wa vimbunga katika bahari ya pande hizo.

Hapa ndipo hatari isiyozungumzwa inapojificha. Wazee wengi wenye shinikizo la damu au moyo dhaifu hutumia vidonge vinavyowafanya waende haja ndogo mara kwa mara. Wanapojua kwamba kuna foleni ndefu na vyoo viko mbali, huamua kimyakimya kutomeza vidonge hivyo siku ya matembezi. Wengine hukataa maji kwa sababu hiyo hiyo. Jioni miguu imevimba, pumzi inakata, na watoto wanashangaa maana asubuhi alisema yu mzima.

Kwa nini hasemi? Kwa sababu amesikia bei. Mzazi wa Kiafrika akijua kwamba mwanawe amelipa maelfu ya dola kwa ajili yake, hawezi kusimama katikati ya furaha hiyo na kusema magoti yanauma. Ataona haya kuwaharibia wajukuu siku yao. Atatabasamu pichani huku akiumia. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tukumbuke kwamba mara nyingine sisi watoto ndio tunaomfanya mzee ayafiche.

Dawa ya kimya hicho ni mazungumzo kabla hata ya kulipa malipo ya kwanza. Mzee aulizwe mambo matatu. Anaweza kutembea umbali gani kabla ya kutafuta mahali pa kuketi? Anameza dawa gani na saa ngapi? Na ni jambo gani asilotaka kufanya hata likiwa la bure? Pengine ataulizwa vizuri zaidi na binti yake, au na mkazamwana anayesikizana naye, kuliko na kifungua mimba anayetoa amri kwa simu.

Majibu hayo ndiyo yataandika ratiba. Kama anaweza mita 300 tu, kikodiwe kiti cha magurudumu tangu siku ya kwanza. Viti hivyo hukodishwa langoni mwa bustani hizo na si aibu. Kama hapendi kelele na giza, asisukumwe kwenye treni za kasi zinazopinda na kushuka ghafla. Mabango ya hapo yenyewe huwaonya wenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo, shingo au mgongo na waja wazito wasipande. Watoto nao huzuiliwa kwa kimo. Space Mountain, kwa mfano, haimpokei aliye chini ya sentimita 112.

Tusidhani kwamba basi nyanya hana lake. Katika bustani iitwayo Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka wa 1998, kuna kijiji cha kuigiza cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe, jina lililotokana na harambee yetu, na magari ya kutazama wanyama yaliyopewa jina la Kilimanjaro. Asubuhi na mapema jua likiwa halijachoma, hapo nyanya ndiye mwalimu. Atawaeleza wajukuu maana ya maneno yaliyoandikwa ukutani, na atacheka vile vilivyokosewa. Saa sita arudi hotelini alale, na vijana waendelee na bembea zao.

Sasa tuje kwenye meli. Kutoka Orlando hadi bandari ya Port Canaveral ni kama saa moja kwa gari, na meli nyingi hutoka hapo kwa safari za siku tatu au nne hadi Bahamas. Kwa mzee, meli ina faida kwani chumba, chakula na burudani viko mahali pamoja. Lakini meli si hospitali. Huwa na zahanati yenye daktari na wauguzi wanaoweza kutibu madogo na kumtuliza mgonjwa mahututi hadi afikishwe pwani. Kumtoa mgonjwa baharini kwa ndege huweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola.

Kadi ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haitamsaidia mtalii kwenye dirisha la malipo la hospitali ya Florida, wala ndani ya meli. Bima ya safari ni lazima. Na haitoshi kununua bima yoyote kwa sababu ni rahisi. Nyingi hukataa kulipia maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya safari. Mwenye kisukari aliyeandikiwa bima isiyotambua kisukari hana bima. Someni maandishi madogo, na hakikisheni kwamba usafiri wa dharura umetajwa.

Magonjwa ya kuambukiza nayo hupenda mahali penye watu wengi. Virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuhara, husambaa upesi melini. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji kabla ya kula na baada ya kwenda chooni, kwani dawa ya kupaka yenye alkoholi haiviui vizuri virusi hivyo. Tusisahau pia meli Diamond Princess iliyozuiliwa Yokohama, Japani, Februari 2020. Kati ya watu 3,711 waliokuwamo, zaidi ya 700 walipatwa na korona, na wengi wa abiria walikuwa wazee. Chanjo za mafua na korona zijadiliwe na daktari mapema.

Kuhusu chanjo, baadhi ya nchi za Karibea hudai cheti cha homa ya manjano kwa watu watokao nchi kama Kenya. Tangu mwaka wa 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Lakini mtu aliyetimiza miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa asikimbilie sindano. Madhara makali, ingawa ni nadra, huwapata zaidi watu wa umri huo, na ni daktari anayepaswa kupima faida na hasara.

Nyanya wengi hualikwa Marekani hasa kwa sababu kuna mtoto amezaliwa. Basi fahamuni kwamba kampuni nyingi za meli hazimpokei mtoto wa chini ya miezi 6, wala mama atakayefikisha wiki 24 za uja uzito kabla ya safari kwisha. Ni uchungu kulijua hilo mkiwa bandarini.

Jambo lingine ni chumba. Vyumba vya meli ni vidogo, na ili kuokoa pesa familia hubanana wanne wanne. Lakini katika jamii zetu nyingi mama mkwe hawezi kulala chumba kimoja na mume wa bintiye. Akiwekwa humo atakesha ameketi, na mwenye shinikizo la damu asiyelala siku tatu ni mgonjwa anayesubiri kuanguka. Heri siku zipunguzwe kuliko kumvunjia mzee heshima na usingizi kwa pamoja. Chumba chake kiwe katikati ya meli, ghorofa za chini, ambako mawimbi hayasikiki sana.

Isitoshe, nyanya hakusafiri kuwa yaya. Kumwachia watoto watatu karibu na bwawa la kuogelea ili wazazi wakacheze dansi ni kumdhulumu yeye na kuwahatarisha watoto. Mtoto huzama kwa dakika chache, tena bila kelele. Zamu za kulea zipangwe, na nyanya apewe ile anayoiweza, kama vile hadithi za kabla ya kulala.

Huenda msomaji akasema kwamba kwa masharti yote haya ni afadhali wazee wabaki nyumbani. La hasha. Upweke pia ni maradhi, na kisukari au presha iliyodhibitiwa haimzuii mtu kuona dunia. Ninachopinga ni kumchukua mzee kama sanduku. Na kanuni hii si ya Florida pekee. Familia inayoteremka Mombasa kwa gari moshi mwezi wa Desemba, ikimtoa babu kwenye baridi ya Nyahururu na kumfikisha katika joto la Pwani, inapaswa kumuuliza maswali yale yale.

Kwa hiyo, nyinyi mlioko ng'ambo mnaopanga likizo ijayo, mpigieni mama simu kabla ya kulipa chochote. Muulizeni, msikilize, muandike. Miezi mitatu kabla ya safari aende kwa daktari wake na orodha ya dawa, apewe barua ya kueleza maradhi yake, na bima itafutwe kulingana na barua hiyo. Kisha kateni nusu ya yale mliyotaka kufanya kila siku. Mwenda pole hajikwai, na wajukuu watamkumbuka nyanya aliyekuwa na nguvu za kucheka nao.