Goma: Rangi ya mlango haifai kwenye kiatu cha mwanafunzi

Kule Birere na kwenye soko la Virunga, viatu vya mitumba vinang'aa kuliko vipya. Mama aliyehamia kwa ndugu zake Ndosho baada ya kambi kubomolewa Februari 2025 anaona jozi nyeusi ya masomo, anabishana bei, anatoa falanga alizobaki nazo. Mvua mbili tu, rangi inabanduka kama magamba ya samaki. Chini yake ni ngozi ya kahawia iliyopasuka, au si ngozi kabisa, ni plastiki.

Huo si ufundi. Ni kumwibia mtu ambaye vita vimekwisha kumwibia.

Rangi ya mafuta ya milango na madirisha imetengenezwa kwa vitu visivyokunjwa. Ikikauka, inakuwa ngumu. Kiatu kinakunjwa kwa kila hatua, na hapa Goma hatua zenyewe ni juu ya mawe ya volkano. Rangi hiyo lazima ipasuke pale vidole vinapokunja. Kila fundi viatu wa mji huu anajua hilo.

Ngozi ina dawa zake. Kuna rangi ya maji maji inayoingia ndani ya nyuzi za ngozi. Hiyo inaweza kugeuza kahawia kuwa nyeusi, lakini haiwezi kugeuza nyeusi kuwa nyeupe, na plastiki haiinywi. Kuna rangi ya akriliki ya ngozi, ambayo inakaa juu lakini inakunjika pamoja na kiatu. Siraji inang'arisha na kukinga maji, basi. Haizibi ufa.

Fundi wa kweli anaosha vumbi kwanza, anaacha kiatu kikauke kivulini, kisha anafuta siraji ya zamani kwa asetoni, ile ya kuondoa rangi ya kucha. Asipofuta, rangi haitashika. Anapaka nyembamba, anangoja ikauke, anapaka tena. Mwisho anapiga siraji.

Kungoja kuna maana yake. Mwaka 1900 madaktari wa Paris walieleza habari za watoto waliougua kwa sumu, ngozi yao ikageuka bulu, baada ya kuvaa viatu vilivyotiwa rangi yenye anilini. Anayempa mtoto kiatu kibichi kwa sababu mteja amesimama anaharakisha, anacheza na afya ya mtoto huyo.

Mafundi wanajitetea: rangi ya ngozi ni ghali, benki zilifunga Januari 2025, na mteja anataka bei ya chini. Ni kweli, na wengi wao pia ni wahami. Lakini umaskini wa fundi haulipwi na umaskini wa mama. Chupa moja ndogo, ikipakwa nyembamba, inatosha jozi nyingi. Mafundi watano wanaweza kuinunua pamoja, kama wanavyocheza likelemba. Asiyeweza hata hivyo, apige siraji tu, aseme wazi: "Mama, hii ni plastiki, ufa utabaki." Atalipwa kidogo, lakini mteja atarudi.

Wanunuzi nao wasione haya. Kunja kiatu mbele ya muuzaji. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoka cheusi, rangi haijashika. Kabla ya kulipia kutiwa rangi, dondosha tone la maji: likiingia, ngozi itakunywa rangi. Likibaki juu, ni plastiki, au kiatu bado hakijafutwa vizuri. Muuzaji akikataa kiatu kisijaribiwe, mama aende meza nyingine.

Na wakubwa wa mafundi sokoni waseme na watu wao kabla masomo hayajafunguliwa Septemba. Kopo la rangi ya mlango liondoke kwenye meza ya viatu.