Kukata utepe siyo kufungua reli



Katika mji wa Abidjan, inchi ya Côte d'Ivoire, watu wanangoja gari la moshi. Siyo gari la kubeba mizigo mbali. Ni treni ya mji, ya umeme, itakayowatoa wafanya kazi Anyama na Abobo upande wa kaskazini, kuwapitisha Adjamé, Plateau na Treichville, na kuwafikisha Port-Bouët karibu na bahari. Njia hiyo ni ya kilomita 37, na stesheni zake ni 18. Siku ya 30 Novemba 2017 Rais Ouattara, pamoja na Rais Macron wa Ufaransa, aliweka jiwe la kwanza. Mtoto aliyezaliwa Abobo mwaka ule ameingia masomo, amejua kusoma na kuhesabu, na baba yake angali anaamka usiku kutafuta nafasi katika gari dogo la gbaka. Wakubwa wa kule sasa wanataja mwaka 2028.

Wako watakaouliza: mambo ya Abidjan yanatuhusu nini sisi wa Kongo? Yanatuhusu sana, na tutaeleza.

Sisi tunajua reli. Wazee wetu waliijenga kwa mifupa yao. Reli ya Matadi mpaka Léopoldville ilianza mwaka 1890 na kumalizika mwaka 1898, na kwa hesabu ya wakubwa wenyewe watu weusi karibu 1,800 walikufa katika kazi ile. Wengi wao hawakuwa watu wa Kongo. Walitolewa Senegal, Sierra Leone na inchi nyingine za magharibi ya Afrika. Basi ndugu wa upande ule na sisi tuna makaburi mamoja. Kisha reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, Bukama mwaka 1918, Port-Francqui mwaka 1928. Iliwekwa juu ya nini? Juu ya shaba. Abidjan nako reli ya zamani ilianza mwaka 1904, ikapanda kaskazini mpaka ikafika Ouagadougou mwaka 1954, kuleta mali ya inchi bandarini. Mzigo ulikuwa na reli yake. Mtu alikwenda kwa miguu, ao kwa kinga kama alikuwa nayo.

Ndiyo sababu treni ya Abidjan ni jambo kubwa. Inafuata njia ya reli ile ile ya zamani, lakini safari hii mzigo wake ni mtu. Wanasema itaweza kubeba watu nusu milioni kila siku. Kila mmoja wetu anayesimama barabarani alfajiri, akiogopa kapita atamkata mshahara kwa kuchelewa, anaelewa maana ya hesabu hiyo. Saa mbili za barabarani kila siku ni saa kumi na mbili kwa juma la siku sita, na hakuna anayezilipa.

Sasa juu ya kukawia. Hatutasema kila kukawia ni wizi. Kazi hii ni ngumu. Mapatano ya bei na makampuni ya Ufaransa, ambayo serikali yao ndiyo iliyokopesha feza, yalichukua miaka. Daraja lapaswa kujengwa juu ya maji ya Ebrié. Watu waliokaa kando ya reli ya zamani, wenye nyumba, wenye maduka, wenye meza za soko, walipaswa kuhesabiwa, kulipwa na kuhamishwa. Kama treni inachelewa kwa sababu mama wa sokoni analipwa kwanza kabla meza yake haijavunjwa, sisi tutasema: ichelewe. Lakini kama inachelewa na hakuna anayeambiwa sababu, hapo wanainchi wana haki ya kusimama na kuuliza. Deni ni lao. Watakaolilipa ni watoto wao.

Tena kuna hatari nyingine kuliko kukawia, nayo ni haraka ya uongo. Tazameni Dakar. Siku ya 14 Januari 2019 Rais wa Senegal alifungua treni ya mji kwa sherehe kubwa. Mwezi uliofuata kulikuwa na uchaguzi. Watu walipata kuipanda siku ya 27 Desemba 2021, karibu miaka mitatu nyuma ya sherehe. Tazameni Lagos. Reli ya Bluu ilifunguliwa na Rais siku ya 24 Januari 2023, na uchaguzi ulikuwa mwezi wa pili. Abiria wa kwanza waliipanda 4 Septemba mwaka ule. Mara mbili utepe ulikatwa mbele ya kura, na mara mbili mfanya kazi alirudi barabarani kungoja. Hatuwacheki ndugu zetu wa Senegal na Nigeria, kwa maana treni zao sasa zinakwenda na watu wanazitumia. Tunasema tu kwamba sherehe ni ya wakubwa, na treni ni ya yule anayeipanda.

Kwa hiyo, kama tungekuwa wakaaji wa Abobo, tungeuliza maneno matatu mbele ya siku ya kufungua.

Kwanza, bei. Dakar tiketi ya daraja la pili ilianza kwa franka 500, 1,000 ao 1,500 za CFA, kwa kadiri ya urefu wa safari. Mwenye mshahara mdogo aliye mbali ndiye anayelipa zaidi, na ndiye aliyehamishwa mbali kwa kukosa feza ya kukaa karibu. Bei ya Abidjan itangazwe mapema, ipimwe na mshahara wa kibarua, siyo na mshahara wa karani mkubwa.

Pili, kazi. Madereva wa gbaka na vijana wao wanaoita abiria watakula nini treni ikianza? Wapewe njia za kuleta watu stesheni, na watoto wa mji wafundishwe kuendesha na kutengeneza treni. Reli inayotengenezwa na wageni peke yao ni reli ya wageni.

Tatu, vipuri. Addis Ababa walifungua treni yao ya mji mwezi wa Septemba 2015, na treni 41. Baada ya miaka michache nyingi zilisimama, kwa kuwa vipuri vyatoka mbali na vyataka feza ya kigeni. Mfanya kazi wa mgodi anajua jambo hili bila kufundishwa: masini isiyo na vipuri ni chuma cha kutazamwa.

Ndugu, turudi kwetu. Treni ya umeme hupata nguvu yake kwa nyaya za shaba. Hatusemi shaba ya Abidjan imetoka mikononi mwetu. Tunasema kwamba watu wanaochimba shaba, ambao reli inapita katikati ya mji wao, wanaweza kuuliza kwa haki: treni ya watu kwetu ni lini? Nao Kinshasa, mji wa mamilioni, wamesikia ahadi za treni ya mji mara nyingi. Mpaka leo hakuna reli inayotoka Ilebo mpaka Kinshasa. Mzigo na mtu hushuka kule na kuingia mtoni, kama mwaka 1928.

Siku wakubwa wetu watakapokuja na jiwe lao la kwanza, tusikimbilie kupiga makofi. Tuwaulize hesabu ya deni, bei ya tiketi, malipo ya wanaohamishwa, na jina la shule itakapofundishwa kazi ya treni. Wakijibu vizuri, tutawasaidia, na tutavumilia kukawia kwa haki.

Na ndugu wa Abidjan, tunawatakia siku ile ifike. Hatutaihesabu kwa sherehe. Tutaihesabu asubuhi ya Jumatatu itakayofuata, kibarua wa Abobo akipanda kwa feza yake mwenyewe na kufika kazini kabla ya king'ora.