Skauti Hafunzwi Siku ya Mechi

Wacha niseme tu. Timu nyingi za roboti za wanafunzi hazipotezi mashindano uwanjani. Zinapotezea kule juu kwenye viti vya watazamaji, ambako watoto sita wameshika tableti, wanatakiwa kuandika kila kitu roboti sita zinafanya, na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia waandike nini haswa.

Kabla hujaniuliza nimejulia wapi: nina binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma shule ya upili huko Texas. Yuko kwenye timu inayocheza FIRST Robotics Competition, yale mashindano ambayo chama cha Dean Kamen kiliyaanzisha Marekani mwaka wa 1992. Mimi niko hapa Nairobi na sijawahi kufunga hata skrubu moja ya roboti. Lakini msimu wa 2025 nilitazama mechi zao zote laivu kwa simu, wao mchana mimi usiku, bando ikiniishia katikati kama kawaida. Na kilichowapata kinanikera hadi wa leo.

Hebu nikueleze kwanza mchezo unavyoenda. Kila mechi ina roboti sita, tatu nyekundu dhidi ya tatu za buluu, kwa dakika mbili na nusu hivi. Msimu wa 2025, sekunde 15 za kwanza roboti zilikuwa zinajiendesha zenyewe, halafu wanafunzi wanashika usukani. Washirika wako unapangiwa, na mechi inayofuata wanabadilika, kwa hivyo timu dhaifu inaweza kubebwa na nzuri ikazamishwa. Mwisho wa hizo mechi, timu 8 za juu zinakuwa manahodha na kila moja inachagua washirika wawili wa kwenda nao hatua ya mwisho. Raundi ya kwanza inaenda kutoka nahodha wa 1 hadi wa 8. Ya pili inarudi kinyume, wa 8 hadi wa 1. Maana yake nahodha nambari moja anachagua wa kwanza kabisa, halafu anangoja hadi wenzake wote wamalize ndipo apate chaguo lake la pili.

Sasa, chaguo la kwanza hata mimi na usingizi wangu naweza kukutajia. Roboti kali kila mtu anaiona. Kazi ni hiyo raundi ya pili, nyota zimeshachukuliwa, zimebaki roboti zinazofanana fanana, na nahodha anageuka kuuliza maskauti wake: tuchukue nani? (Skauti huyu si yule wa skafu na mafundo ya kamba, tuelewane. Ni kama yule jamaa wa klabu ya mpira anayekaa jukwaani na kijitabu.)

Mchezo wa 2025 ulikuwa wa kupachika mabomba ya plastiki kwenye mfano wa mwamba wa matumbawe wenye ngazi nne, kutoa mipira, na mwisho roboti kuning'inia kwenye kizimba. Timu ya binamu ilifika unahodha. Data yao ikasema kuna roboti fulani inapachika mabomba 8 kwa mechi. Wakaichukua. Hatua ya mwisho ukipoteza mechi mbili unaenda nyumbani, na wao walipoteza mbili. Ile roboti ilikuwa inapachika 4, ikibahatika 5. Walipokuja kutazama video tena wakagundua kwamba skauti aliyeiandika, msichana wa mwaka wa kwanza, alikuwa anahesabu kila jaribio, hata bomba lililoanguka. Wenzake walikuwa wanahesabu yaliyokaa peke yake.

Binamu aliniambia huyo msichana alilia kwenye basi njia nzima. Na kuna wakubwa kwenye timu waliomwacha alie, kama kwamba kosa lilikuwa lake. Manze! Alipewa tableti asubuhi ile ile. Akaambiwa, "We andika tu vile unaona." Na yeye akaandika vile alivyoona.

Hapo ndipo shida yangu iko. Kwenye timu nyingi uskauti ndio kazi ya kupewa yule ambaye hana kazi. Anayejua kuchomelea yuko karakana, anayejua kodi yuko kwa kompyuta, na aliyebaki anaambiwa apande jukwaani akahesabu. Halafu timu nzima inaweka uamuzi wake mkubwa wa wikendi juu ya daftari la huyo mtu. Wewe unaona hiyo ni akili?

Mafunzo ni sasa, msimu ukiwa umelala. Mchezo mpya hutangazwa Januari kila mwaka, na kuanzia hapo hakuna mtu ana dakika ya kukaa na mtoto wa mwaka wa kwanza. Na hii likizo ndefu kitu kingine kinatokea kimya kimya: wale wa mwaka wa mwisho wanamaliza shule na kuondoka na ujuzi wote kichwani. Skauti mkuu wa kina binamu ameenda chuo. Aliacha faili moja ya Excel ambayo hakuna anayeielewa.

Na tafadhali, msianze na kutengeneza programu mpya ya simu. Najua vijana wa teknolojia, sisi tukiona shida tunakimbilia kuandika programu. Miezi sita mko na rangi za vitufe. Tableti nzuri mkononi mwa mtu asiyejua anatafuta nini itakuletea uongo kwa haraka zaidi, basi.

Nilichomwambia binamu ni hiki. Video za mechi za zamani zimejaa YouTube, bure. Chukua moja, keti watu sita, wote mtazame roboti ile ile moja, kila mtu aandike kivyake bila kuchungulia. Halafu linganisheni. Mtashangaa. Mkishindana kama bomba lililogusa likaanguka linahesabiwa, hapo ndipo mnaandika sheria yenu, kwa maneno, kwenye karatasi moja. Mkishaelewana, gawaneni roboti zote sita, kisha jumlisheni tatu za upande mmoja mwone kama inafikia hesabu rasmi ya mechi, kwa sababu idadi huchapishwa mtandaoni kwa kila upande. Mkenya hahitaji kuelezwa hii. 2022 tulikesha tukijumlisha fomu 34A wenyewe, si ndio?

Zoezi ninalolipenda zaidi ni la kuchukua mashindano yaliyopita ambayo hakuna kati yenu anayakumbuka. Tazameni mechi za mwanzo, simamisheni kabla ya uchaguzi wa washirika, andikeni orodha yenu ya 24, na kila jina liwe na sababu. "Iko poa" si sababu. "Ilizima mara mbili ikigongwa" ni sababu. Ndipo mwendelee mwone ilivyocheza hatua ya mwisho.

Kuna watakaosema mtandaoni tayari kuna takwimu za bure zinazokadiria kila roboti inachangia alama ngapi. Zipo, na mzitumie. Lakini nyingi zinakisia mchango wa mmoja kutoka kwa alama za watatu, na kila timu inacheza mechi kumi hivi tu, wakati mwingine kumi na mbili. Haziwezi kukwambia kwamba roboti hii ilikaa mechi nzima ikimzuia mpinzani, au dereva wake hushtuka akisukumwa. Wengine watasema mchezo wa mwaka ujao ni tofauti, kwa nini kuhesabu mabomba ya jana? Kwa sababu kinachozoezwa ni jicho. Mtu kutazama roboti moja dakika mbili na nusu bila kufuata kelele za uwanja ni kazi ngumu, jaribu uone. Mimi ya kwanza nilijikuta naangalia nyingine kabisa.

Sasa wanakutana Jumamosi, saa moja tu, baada ya hapo kila mtu aende zake. Yule msichana amerudi, na ndiye anaandika ile karatasi ya sheria. Wiki jana walitazama mechi moja mara tatu. Mara ya kwanza majibu sita tofauti. Mara ya tatu watano wakasema mabomba 6, mmoja akakataa katakata kwamba ni 5. Wakarudisha video polepole. Bomba la nne lilikuwa limepachikwa na mshirika wake aliyesimama ubavuni.